Ulimi Kizimbani

Jioni hii nimekusudia kuzungumza nanyi juu ya mahakama moja iliyokaa katika mji wa Arusha kwa muda wa miaka 20, ikawasikiliza mashahidi zaidi ya 3,000, ikafunga milango yake tarehe 31 Desemba 2015, na ambayo wengi wetu tuliokuwa tukipita nje ya jumba lake asubuhi na jioni, huyu akienda sokoni na yule akikimbilia basi la Moshi, hatukupata kujua barabara yaliyokuwa yakinenwa ndani. Nitaizungumza habari yake nikiwa mtu wa redio, na sababu ya kusema hivyo itadhihiri mbele, maana miongoni mwa walioletwa pale kujibu mashitaka walikuwamo watu wa kazi yangu, waliokuwa na kipaza sauti kama hiki kilicho mbele ya kinywa changu sasa.

Chanzo cha mahakama hiyo ni vita vya Rwanda, vilivyoanza tarehe 1 Oktoba 1990, wakati jeshi la RPF, ambalo wengi wa askari wake walikuwa watoto wa wakimbizi wa Kitutsi waliolelewa Uganda, lilipovuka mpaka na kuingia katika nchi ya wazazi wao kwa silaha. Kwa muda wa miaka mitatu pande mbili zikapigana na kupatana, zikapatana na kupigana, hata tarehe 4 Agosti 1993 mkataba wa amani ukatiwa saini, na mji ilimotiwa saini ile ulikuwa huu huu wa Arusha. Wino wake haukupata mwaka. Tarehe 6 Aprili 1994 Rais Juvénal Habyarimana alikuwa akirejea kutoka mkutanoni Dar es Salaam, akiwa na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, ndege yao ikatunguliwa ilipokaribia kutua Kigali, na usiku ule ule mauaji yakaanza. Katika siku mia moja hivi zilizofuata watu baina ya laki nane na milioni moja waliuawa, wengi wao Watutsi, na pamoja nao Wahutu waliokataa kushiriki katika uovu ule au waliojulikana kuwa wapinzani wa waliotawala.

Mimi nilikuwa Bukoba wakati huo, kijana ambaye hajaota ndevu vizuri, nikikaa kwa mama mkubwa aliyekuwa na meza yake ya samaki. Mto Kagera, unaotoka Rwanda na kumimina maji yake ziwani, ulikuwa ukileta maiti. Upande wa Uganda, katika mwalo wa Kasensero, wavuvi waliacha nyavu wakawa wazikaji, wakizika watu wasiowajua kwa majina wala kwa nyuso. Kwetu hofu iliingia katika chakula. Siku moja alikuja mteja wa siku nyingi, mwanamke mstaarabu ambaye hakuzoea kubishania bei, akamgeuza sato kwa ncha ya kidole, akamtazama tumboni, akauliza amevuliwa wapi, na kabla hajajibiwa akakivuta kidole chake, akakipangusa kwa upindo wa kanga, akaenda zake. Mama mkubwa hakusema neno. Alilifunika fungu lote kwa gunia, akaketi mpaka adhuhuri, kisha akaniambia tuondoke. Sikuwa nimewahi kumwona akifunga meza kabla ya jua kushuka.

Nimeileta habari hii ndogo mbele ya habari kubwa kwa sababu ya jina tulilolipa jambo lenyewe. Sisi Waswahili huviita vita vya namna hii vita vya wenyewe kwa wenyewe, na ndani ya jina hilo, ukilitafakari, mna udhuru uliojificha: kama wanaouana ni wenyewe, basi sisi tusiokuwa wenyewe tuna haki gani ya kuuliza, na kama ugomvi ni wa nyumba moja, jirani na abishe hodi kwa idhini ya nani? Maji ya Kagera hayakutambua mpaka huo. Wala si sisi peke yetu tuliokuwa na fikira hiyo, maana sheria ya mataifa yenyewe kwa miaka mingi ilitazama hivyo hivyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakubwa wa Ujerumani waliketishwa kizimbani Nuremberg, lakini vile vilikuwa vita vya dola na dola. Mwaka 1949, Mikataba ya Geneva ilipoandikwa, kifungu cha 3 kilicho sawa katika mikataba yote minne kiliharamisha kuua, kutesa na kudhalilisha watu wasioshika silaha hata katika vita vya ndani ya nchi moja. Lakini kifungu hicho kilikaa miaka 45 kama askari asiye na rungu, kikikataza bila ya kuwako mahakama ya kimataifa iliyopewa uwezo wa kumwita mtu aje ajibu kwa nini amekivunja.

Mahakama hiyo ikaja tarehe 8 Novemba 1994, kwa azimio namba 955 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Ikapewa uwezo juu ya mambo matatu: mauaji ya kimbari, jinai dhidi ya ubinadamu, na uvunjaji wa kile kifungu cha 3. Serikali mpya ya Kigali, ambayo ndiyo iliyokuwa imeomba mahakama na ambayo kwa kudra ya Mungu ilikuwa na kiti katika Baraza mwaka ule, ndiyo pekee iliyopiga kura ya kukataa, kwa kuwa mahakama ile haikuruhusiwa kumhukumu mtu kifo, na kwa kuwa uwezo wake ulikomea katika matendo ya mwaka 1994 peke yake. Februari iliyofuata Arusha ikachaguliwa kuwa makao, na mji uliotia saini amani iliyovunjika ukakabidhiwa kazi ya kuwauliza waliohusika na damu iliyofuata.

Nilipata kuingia humo mara kadhaa baadaye, nilipokwisha kuwa mtangazaji. Mgeni aliketi nyuma ya ukuta wa kioo, akapewa visikizio na kidude cha kuchagulia lugha, na mbele yake wakaonekana majaji katika majoho yao, mawakili wenye mafaili yaliyorundikana, na wakalimani katika vyumba vyao vidogo. Kiswahili hakikuwamo, kwa maana lugha rasmi za mahakama zilikuwa Kiingereza na Kifaransa, na hilo lilinisononesha wakati ule na linanisononesha hata leo, kwamba hesabu ya dhuluma kubwa kama ile ilifanywa katikati ya watu wanaosema lugha moja, na lugha hiyo ikabaki nje pamoja na madereva wa teksi. Alipoingia shahidi aliyestahili kulindwa, pazia lilivutwa, tukabaki na sauti yake tu. Jina lake halikutajwa. Aliitwa kwa herufi.

Wengi walisikiliza tafsiri. Mimi nilizoea kukirudisha kile kidude kwenye Kinyarwanda chenyewe, kwa sababu sikio la Mswahili hukuta humo maneno mengi yaliyo ndugu wa maneno yake. Nilisikia likitajwa neno gukora, yaani kufanya kazi, na neno akazi, ambalo halihitaji mkalimani kwetu sisi, nikajifunza kwamba katika miezi ile kwenda kazini kulikuwa na maana ya kwenda kuua. Nilisikia inyenzi, yaani mende, neno linalopita karibu sana na nyenje wetu, nikajua kwamba ndilo jina walilopewa watu. Mtu aitwaye mdudu hahitaji kuchukiwa ndipo auawe. Hukanyagwa tu, na aliyekanyaga huendelea na safari yake. Nilisikia gufata ku ngufu, na ingawa mkalimani alikuwa bado akitafuta neno lake la Kifaransa, mimi nilikwisha kulielewa, maana nguvu ni nguvu, na kushikwa ni kushikwa.

Neno hili la mwisho ndilo lililoipa mahakama ile heshima yake kubwa, na hapa ningependa tukae kidogo. Mshitakiwa alikuwa Jean-Paul Akayesu, mwalimu aliyepanda akawa mkaguzi wa shule, kisha mwaka 1993 akawa burugumesitiri wa Taba, yaani mkuu wa wilaya ndogo iliyoko katika mkoa wa Gitarama. Siku za kwanza za mauaji alizuia. Mashahidi walikubali hivyo, na majaji wakaandika hivyo. Kisha tarehe 18 Aprili akahudhuria mkutano wa viongozi Gitarama, akarudi mtu mwingine. Alikamatwa Zambia mwaka 1995, na kesi yake ikaanza Januari 1997, ikiwa na mashitaka ya kuua na kutesa, lakini bila ya shitaka hata moja la kuingiliwa wanawake kwa nguvu. Wachunguzi hawakuwa wameliandika. Ndipo mwanamke mmoja, akiwa katika kiti cha ushahidi na akiulizwa juu ya mambo mengine kabisa, akataja kama mtu atajaye jambo linalojulikana na kila mtu kwamba binti yake wa miaka sita aliingiliwa na vijana watatu wa wanamgambo wa Interahamwe waliokuja kumwua baba yake. Majaji walikuwa watatu: Laïty Kama wa Senegal, Lennart Aspegren wa Sweden na Navanethem Pillay wa Afrika ya Kusini, na huyu wa mwisho, aliyekuwa mwanamke pekee mezani, hakuliacha neno lile lipite. Akauliza. Akaja shahidi mwingine, naye akasema alichofanyiwa, na Juni mwaka ule hati ya mashitaka ikabadilishwa.

Wakaja wanawake wa Taba, kila mmoja na herufi zake. Walikuwa wamekimbilia ofisi ya wilaya wakidhani kwamba mlango wa serikali ni mlango wa salama, na pale pale, uani na katika jumba la utamaduni la jirani, vijana waliwachukua mara kwa mara huku mkuu wa wilaya akiwako, akiona, na kwa maneno yake akiwatia moyo waliotenda. Shahidi aliyeitwa JJ aliyaeleza hayo kwa utaratibu wa mtu aliyekwisha kuyasema moyoni mara nyingi kabla ya kupata wa kumwambia. Tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari, ikawa mara ya kwanza katika ulimwengu kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo baada ya kesi kusikilizwa, na baadaye akahukumiwa kifungo cha maisha. Katika hukumu ile majaji wakasema kwamba kumwingilia mtu kwa nguvu, ikiwa kumekusudiwa kuiangamiza jamii yake, ni sehemu ya mauaji ya kimbari sawasawa na panga. Nao wakatoa, kwa mara ya kwanza katika sheria ya mataifa, maelezo ya kosa hilo, wakilihesabu kuwa uvamizi wa mwili wa mtu uliofanywa katika hali ya kulazimishwa, wasiishie katika kuhesabu viungo kama zilivyokuwa zikifanya sheria za zamani. Kabla ya hapo, tangu zama za mababu, vita vilipokwisha wanawake waliambiwa kwamba yaliyowapata ni ajali ya vita. Sheria hiyo yote ilitoka katika kinywa cha mama mmoja aliyetaja binti yake bila kuulizwa, na katika sikio la jaji aliyelisikia.

Siku mbili baadaye, tarehe 4 Septemba, Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya miezi ile na aliyekiri makosa yake mwenyewe, akahukumiwa kifungo cha maisha. Kabla yake hakuna mkuu wa serikali aliyepata kuhukumiwa na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari.

Nimetumia mara kadhaa maneno mauaji ya kimbari, na pengine wako vijana kati yenu wanaodhani kwamba ni maneno ya tangu na tangu. Vyumba vyetu vya habari wakati ule vilibishana. Wengine walisema mauaji ya halaiki, na halaiki ni neno zuri la kale, lenye maana ya viumbe wengi waliokusanyika. Lakini halaiki huhesabu wingi wa waliokufa na kunyamaza juu ya sababu ya kuuawa kwao. Mbari ni ukoo, ni asili, ni tumbo ulilotoka. Aliyeuawa kimbari hakuuawa kwa alilotenda wala kwa upande alioupigania, aliuawa kwa babu yake. Sheria nayo imesimama hapo hapo, maana hata ukiua elfu kumi, mwendesha mashitaka hana budi kuonyesha kwamba ulikusudia kuiondoa jamii yao kwa sababu ya asili yake. Nakiri kwamba sikujua uzito wa tofauti hiyo mpaka nilipoketi nyuma ya kioo kile.

Sasa nije kwa watu wa kazi yangu.

Kituo cha RTLM, ambacho kwa kirefu ni Radio Télévision Libre des Mille Collines, kilianza kurusha matangazo Kigali mwezi Julai 1993. Redio ya taifa iliyokuwako ilikuwa ngumu kama ubao, ikisoma hotuba na ratiba za viongozi. Hii mpya ilikuja na muziki wa Kongo, mizaha, mazungumzo ya kijiweni na watu waliopiga simu kutoka mitaani, ikapendwa na vijana, ikapendwa hata na wale iliokuwa ikiwatukana. Baada ya tarehe 6 Aprili ilianza kutaja watu kwa majina, kutaja mahali walipojificha, kutaja namba za magari waliyopanda. Na mashahidi walieleza kwamba vijana kwenye vizuizi vya barabarani walishika panga mkono mmoja na redio mkono mwingine. Methali yetu husema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini ulimi wa RTLM haukujikwaa hata kidogo. Ulikwenda kwa miguu yake mpaka ulikokusudia.

Kanda za matangazo hayo zilitolewa mahakamani kuwa vielelezo, na siku moja nilisikilizishwa mojawapo. Nilitazamia kusikia ukali, na ukali umo. Lakini kilichonitia baridi ni ustadi. Mtangazaji alicheka mahali pa kucheka. Alishusha sauti pale ambapo sisi sote tulifundishwa kushusha sauti ili msikilizaji asogee karibu. Alitaja saa, akawasalimu watu wa kizuizi fulani kama ninavyowasalimu mimi wasikilizaji wa Tanga na wa Kigoma, akawauliza kama wamechoka. Nilimtambua. Simaanishi kwamba nilimjua kwa uso. Nilitambua mafunzo yake, pumzi yake, namna ya kuacha neno likae kidogo kabla ya kuleta linalofuata, na tangu siku hiyo sijapata kuwasha kipaza sauti bila ya kukumbuka kwamba chombo ni kile kile.

Waliofikishwa mbele ya majaji kwa ajili ya maneno walikuwa Ferdinand Nahimana, profesa wa historia aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa RTLM. Jean-Bosco Barayagwiza, mwanasheria aliyekuwa pia katika uongozi wake. Na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Kabla yao, mwaka 2000, Mbelgiji mmoja aitwaye Georges Ruggiu, aliyekuja kutangaza kwa Kifaransa katika kituo kile, alikuwa amekiri na kupewa miaka 12. Hukumu ya wale watatu ilisomwa tarehe 3 Desemba 2003: Nahimana na Ngeze maisha, Barayagwiza miaka 35. Walikata rufaa, na tarehe 28 Novemba 2007 majaji wa rufaa wakapunguza vifungo vikawa miaka 30, 35 na 32, wakieleza kwamba matangazo ya kabla ya tarehe 6 Aprili, ingawa yalichochea chuki, hayakuthibitishwa kuwa yalikuwa uchochezi wa moja kwa moja wa mauaji ya kimbari. Ya baada ya tarehe ile ndiyo yaliyothibitishwa.

Niliposikia habari za rufaa ile moyo wangu ulikataa. Miezi yote ile ya kuwaita watu mende, nikasema, si ndiyo iliyolima shamba lililopandwa Aprili? Na bado nasema hivyo. Lakini nimeishi katika nchi na nyakati ambamo serikali ilifunga magazeti kwa madai ya uchochezi, na najua jinsi neno hilo linavyonyooshwa na watawala mpaka likamfikia kila mwenye kulalamika, hata nimeona hekima ya majaji waliotaka pawe na mstari mwembamba baina ya neno ovu na neno liuaalo, na kwamba mtu asifungwe miaka 30 mpaka amethibitishwa kuuvuka. Mwimbaji Simon Bikindi naye alipimwa kwa mstari huo huo. Mwaka 2008 alihukumiwa miaka 15, si kwa nyimbo zake zilizopigwa redioni usiku na mchana, bali kwa maneno aliyoyanena mwenyewe kwa kipaza sauti cha gari katika barabara moja ya magharibi ya nchi, mwezi Juni 1994, akiwahimiza waliokuwa wakiua wamalize.

Uangalifu huo huo uliigharimu mahakama mapenzi ya watu. Novemba 1999 majaji wa rufaa waliamuru Barayagwiza aachiliwe kwa kuwa alikaa kizuizini Cameroon muda mrefu mno bila ya kufuatwa kwa utaratibu; Kigali ikakasirika, ikakatisha ushirikiano, mashahidi wakawa hawaji, na miezi michache baadaye majaji wakaigeuza amri yao wenyewe, wakisema wameletewa habari mpya. Mimi sikuwa hakimu wala wakili, lakini nililiona doa katika joho siku ile, na halikutoka.

Doa kubwa zaidi ni hili. Uwezo wa mahakama ulikuwa juu ya kila mtu aliyetenda jinai zile Rwanda mwaka 1994, awe wa serikali iliyoshindwa au wa jeshi lililoshinda. Askari wa RPF, ambao kusonga kwao mbele ndiko kulikoyakomesha mauaji ya kimbari na ambao kwa hilo wanastahili shukrani ya ulimwengu, waliua raia nao. Mwezi Juni 1994, mahali paitwapo Gakurazo karibu na Kabgayi, waliwaua maaskofu watatu na mapadri waliokuwa chini ya ulinzi wao. Carla Del Ponte, mwendesha mashitaka, alitangaza kwamba atachunguza pande zote. Mwaka 2003 Baraza la Usalama likaigawa kazi yake na kumpa mtu mwingine sehemu ya Rwanda. Faili la Gakurazo likapelekwa Kigali mwaka 2008, mahakama ya kijeshi ikawafunga makapteni wawili miaka minane, ikapunguzwa ikawa mitano, na wakubwa wao wawili wakaachiliwa. Washitakiwa wa Arusha walikuwa 93. Hakuna hata mmoja aliyekuwa wa upande wa washindi.

Sisemi kwamba mambo haya mawili yana uzito mmoja, na atakayenisikia nikisema hivyo hakunisikia. Kuazimia kuiondoa mbari nzima duniani hakulinganishwi na kitu. Ninachosema ni kwamba mtoto wa aliyeuawa na askari mshindi ana swali lile lile alilokuwa nalo mwanamke wa Taba, naye hakupewa kiti, wala herufi, wala pazia. Mahakama iliyojengwa ili kumwambia mwenye nguvu kwamba ataitwa kujibu ilimwita aliyekwisha kupoteza nguvu zake, na mwenye nguvu za siku ile akabaki nje. Wanaosema kwamba bila ya Kigali kuridhia mashahidi wasingesafiri, na kesi zote zingekufa, wanasema kweli. Kweli hiyo hainifariji.

Katika wale 93, watu 62 walihukumiwa na 14 wakaonekana hawana hatia. Mnajua walikokwenda baadhi ya hawa 14? Hawakuwa na pa kwenda. André Ntagerura, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, aliachiliwa mwaka 2004 na rufaa ikathibitisha mwaka 2006, akabaki Arusha katika nyumba ya kulindwa mpaka Desemba 2021, akiwa huru katika karatasi tu, kwa kuwa hakuna nchi iliyokubali kumpokea naye aliogopa kurudi kwao. Ndipo yeye na wenzake saba, wengine wakiwa wamemaliza vifungo vyao, wakapelekwa Niger, na kabla ya mwezi kwisha serikali ya huko ikawaamuru waondoke. Kumtangaza mtu kuwa hana hatia, kisha ulimwengu wote ukamfungia mlango, ni hukumu isiyoandikwa mahali popote.

Na Félicien Kabuga, tajiri aliyeshitakiwa kwamba ndiye aliyetoa fedha za RTLM, alitafutwa miaka mingi, akakamatwa kando ya Paris mwezi Mei 2020, kesi yake ikaanza kusikilizwa The Hague mwaka 2022 akiwa mzee sana, na mwaka 2023 shauri lake likasimamishwa kwa kuwa akili yake haikuweza tena kufuata yanayosemwa. Hakutiwa hatiani wala hakusafishwa. Nilitamani sana kumsikia akijibu.

Wanasheria niliozungumza nao husema kwamba kazi ya mahakama ya jinai ni mshitakiwa, na nimelielewa hilo. Lakini nikiketi peke yangu fikira yangu huwarudia wale wenye herufi. Baadhi ya wanawake waliotoa ushahidi walikuwa wameambukizwa virusi vya Ukimwi na waliowaingilia, na kwa miaka kadhaa mahabusi waliokuwa chini ya ulinzi wa mahakama walipewa dawa, kama ilivyokuwa haki yao, wakati mashahidi wa kike walirudi vijijini mikono mitupu. Sheria iliyoiunda mahakama ile iliruhusu majaji kuamuru mali iliyoporwa irudishwe kwa wenyewe. Juu ya fidia ya mwili na ya roho haikusema kitu. Mwaka 2000, Pillay akiwa rais wa mahakama, majaji wakamwandikia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kwamba njia itafutwe ya kuwafidia walioteswa. Barua ilipokewa, ikajadiliwa, ikawekwa. Milango ilipofungwa miaka 15 baadaye, hapakuwa na mwanamke wa Taba aliyepata kutoka kwa mahakama ile hata shilingi moja ya fidia.